Bega la Upinzani

Hapo zamani za juzi juzi, katika nchi ya Subirini, hakuna kitu kilichoruhusiwa kuanza kabla hakijazinduliwa. Daraja likishajengwa, watu waliendelea kuvuka mto pembeni yake, maji yakiwafika kiunoni, huku wakilitazama daraja lao jipya kwa fahari mpaka mgeni rasmi apate nafasi ya kuja kukata utepe. Mwaka mmoja hata masika yaliandikiwa barua ya onyo kwa kunyesha kabla ya uzinduzi wa msimu. Masika hayakujibu, na wataalamu wa sheria wakasema kunyamaza ni kukiri kosa.

Wizara kubwa kuliko zote iliitwa Wizara ya Mazoezi. Usidhani ni wizara ya kuruka kamba. Kule Subirini neno zoezi lilikuwa na maana moja tu, nayo ni shughuli ya serikali. Kulikuwa na zoezi la kuhakiki vyeti, zoezi la kuwahakiki waliohakiki vyeti, zoezi la kuwahamisha wauza mihogo kutoka upande huu wa barabara kwenda upande ule, na zoezi la kuwarudisha. Sheria yake ilikuwa fupi, mtoto angeweza kuikariri: mtu yeyote asifanye zoezi lolote ambalo halijazinduliwa.

Bi. Stamili hakuijua sheria hiyo. Alijua nywele. Alikuwa msusi mwenye jina mjini, na wanawake walipanga foleni kwake toka asubuhi, wengine wakiwa wamebeba chai kwenye chupa. Kisha saratani ikamwingia titi la kulia. Akapasuliwa, akawekewa dripu za dawa kali, nywele zake zote zikapukutika. Hilo la nywele alilicheka mwenyewe. "Msusi mwenye kipara," aliwaambia wenzake wodini, "ni kama fundi viatu anayetembea peku. Mteja anakuangalia, anaingiwa na wasiwasi."

Alichoshindwa kukicheka ni mkono. Baada ya upasuaji, mkono wa kulia uligoma kupanda. Ukifika usawa wa bega unasimama, kama punda aliyeona shimo. Na kusuka ni kazi ya mikono iliyo juu. Msusi ambaye mkono wake hauvuki bega atasuka nini, mikeka?

Pale Hospitali Kuu palikuwa na mtaalamu wa viungo, kijana mrefu aitwaye Dakta Lwitiko. Alikuja, akamwinua mkono taratibu, akamwachia alipoona machozi.

"Mama, dawa ya hapa haipo kwenye dripu," alisema. "Ni zoezi. Kila asubuhi simama mbele ya ukuta, weka vidole, vitembeze kwenda juu kama buibui. Ukifika pa kuuma, pumua, shuka. Kesho panda tena."

"Na ukuta nanunua wapi?"

"Ukuta upo, mama. Ule wa nyuma ya wodi. Bure."

"Nisipofanya?"

"Bega litaganda. Likishaganda moja kwa moja, hata mimi sitalibembeleza likanielewa. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe."

Basi ikawa kila asubuhi Bi. Stamili yuko nyuma ya wodi anapandisha vidole. Haukupita muda wakaongezeka wengine. Akaja Mzee Chande, mwenye saratani ya utumbo, ambaye dawa zilimchosha mpaka kupiga mswaki kukawa safari. Dakta Lwitiko alimwambia atembee kuzunguka tangi la maji, polepole, maana uchovu wa namna ile haumalizwi na kulala tu.

"Daktari wa viungo!" Mzee Chande alimwita kila alipomwona. "Leo umeleta viungo gani? Iliki au mdalasini?"

"Tembea, mzee."

"Natembea. Lakini pilau nitaipata wapi?"

Walicheka, walitembea, walipandisha vidole. Waliokuwa hawali wakaanza kuulizana leo jikoni kuna nini. Mambo yalikuwa mazuri kiasi kwamba, kwa jinsi Subirini ilivyo, isingewezekana yasiripotiwe.

*

Afisa Mazoezi wa Wilaya, Bwana Kabwere, alifika akiwa na suti ya rangi ya samli na shada la maua kifuani, maana alitembea nalo muda wote ili uzinduzi wowote usimkute hajajiandaa. Alisimama, akawatazama wagonjwa ukutani.

"Hapa panafanyika nini?"

"Zoezi," alijibu Mzee Chande kwa furaha, akiwa anamaliza mzunguko.

Watu wote wa wilaya ile walijua kwamba neno lile hulisemi mbele ya Kabwere hivi hivi. Mzee Chande alikuwa mgeni, alitoka wilaya ya pili.

"Zoezi," Kabwere alirudia, taratibu. "Limezinduliwa na nani?"

Kabwere akatoa kalamu.

"Mgeni rasmi alikuwa nani? Risala ilisomwa na nani? Ngoma zilitoka kikundi gani?"

"Mheshimiwa," Dakta Lwitiko aliingilia, "ni zoezi la kunyoosha mkono tu."

"Daktari, hata lile zoezi la kuhesabu kuku lilikuwa la kuhesabu kuku tu. Waliolianza kabla ya wakati wako wapi leo?" Hakuna aliyejua wako wapi, na ndiyo maana swali lilitisha. "Sasa nisikilizeni, ndugu wagonjwa. Serikali yenu inawapenda. Kwa kuwa inawapenda, haiwezi kuwaacha mkapona kiholela."

Akatoa utepe mwekundu mfukoni, akaufunga mbele ya ukuta kutoka pembe hadi pembe. Kuvuka utepe ambao haujakatwa lilikuwa kosa ambalo hata mbwa wa Subirini walilifahamu.

"Mtasubiri uzinduzi," alisema. "Mheshimiwa Waziri mwenyewe ataarifiwa."

"Utachukua muda gani, mwanangu?" aliuliza Bi. Stamili. "Bega langu linaganda."

"Mama, ndilo la kwanza kuganda nchi hii? Lisubiri na wenzake."

*

Waziri wa Mazoezi, Mheshimiwa Pongezi Lukindo, alifurahi mno kusikia habari ile. Alitangaza kwamba zoezi la wagonjwa wa saratani litakuwa la kitaifa, litamfikia kila mgonjwa popote alipo, na kwa bei ambayo hata mnyonge ataimudu. Watu walishangilia. Kisha akaunda kamati ya kulifanikisha, na walioijua Subirini wakaacha kushangilia, wakaenda kutafuta viti.

Kamati ilianza na ukuta. Iligundua kwamba ukuta wa hospitali ulijengwa kwa ajili ya kuzuia upepo na haukuwa na sifa za kimazoezi. Ikabidi wajumbe wasafiri nje kwenda kujifunza kuta. Walikwenda nchi nyingi, wakarudi wamenenepa, na ripoti yao ilisema kwamba katika mataifa yaliyoendelea kuta husimama wima. Ikapendekezwa kuta za namna hiyo ziagizwe.

Halafu wakaweka utaratibu. Mgonjwa atakayeshiriki alipe mchango wa fulana, mchango wa kofia, na mchango wa kamati inayokusanya michango. Awe na cheti cha daktari kuthibitisha kwamba ana afya njema. Na kwa kuwa wizara ilitaka huduma iwe karibu na wananchi, fulana zenyewe zingegawiwa kileleni mwa Mlima Subira, mahali ambapo wananchi wote wangeweza kupaona.

"Nina afya njema mimi?" Mzee Chande aliuliza tangazo liliposomwa wodini.

"Ungekuwa nayo ungekuwa unafanya nini hapa?" alijibu Bi. Stamili.

"Basi nikipona nitakuja kufanya zoezi la kuniponya."

Wodi nzima ilicheka. Bi. Stamili hakucheka sana. Asubuhi ile alijaribu kufunga kilemba, mkono ukakataa kufika hata pale ulipofika wiki iliyopita. Alimaliza kwa mkono wa kushoto, kilemba kikakaa upande kama cha mlevi. Alikuwa anarudi nyuma, na alijua anarudi nyuma, huku utepe ukionekana pale pale kupitia dirishani, mwekundu, unapepea.

*

Siku moja Bwana Kabwere aliwakusanya wagonjwa uani. Alikuwa ametundika bango kubwa la picha ya Waziri kwenye ukuta wa jikoni, kwa kuwa ule wa mazoezi ulikuwa na utepe. Mheshimiwa Lukindo alionekana mzima mzima, toka kiatu hadi kofia, na katikati tumbo, ambalo mchapaji alijitahidi kulipunguza bila mafanikio.

"Ndugu wagonjwa," alisema Kabwere, "wizara inataka kujua kama mnaunga mkono maandalizi ya uzinduzi. Wanaounga mkono, nyoosheni mikono!"

Mikono ikapanda. Kule Subirini mikono ilipanda yenyewe, kama majani yanavyofuata jua. Kabwere aliipitia kwa macho, akakwama.

"Mama yule pale. Mkono wake uko nusu."

Bi. Stamili alikuwa ameuinua wa kulia bila kufikiri, na ulikuwa umekwama usawa wa bega, unatetemeka.

"Ndiyo mwisho wake, mheshimiwa."

"Unaunga mkono nusu nusu?"

"Mkono wangu unaunga, mheshimiwa. Bega ndilo la upinzani."

Watu waliguna. Mzee Chande alijifanya anakohoa. Neno upinzani nalo halikuwa la kuchezea. Kabwere alimsogelea akiwa amekunja uso, lakini alipouona mkono unavyotetemeka akalegea kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utepe tu.

"Basi ufanye juhudi, mama," alimwambia. "Kila siku uuinue kidogo kidogo, mpaka uunge mkono sawasawa. Hatuwezi kupeleka wizarani mkono wa namna hii."

Hapo Bi. Stamili akaushusha mkono. Akamtazama afisa, akamtazama Waziri ukutani, akamtazama tena afisa.

"Mheshimiwa, hiyo juhudi ya kila siku, ya kuinua mkono, si itakuwa zoezi?"

"Zoezi?" Kabwere alishtuka. "Mama, usikashifu! Kuunga mkono si zoezi. Kuunga mkono ni wajibu."

"Kuunga mkono hakuhitaji uzinduzi?"

"Mwananchi mwema anaunga mkono saa yoyote."

"Hata hapa mbele ya picha?"

"Hapo ndipo hasa!"

"Asante, mwanangu," alisema Bi. Stamili kwa adabu zote. "Hatutakuangusha."

*

Kesho yake asubuhi Kabwere alikuta umati mbele ya bango. Bi. Stamili alikuwa ameweka vidole kwenye viatu vya Waziri, anavipandisha polepole, vidole vinatambaa kwenye suruali yake kama buibui.

"Namuunga mkono," alieleza bila kugeuka.

Nyuma yake kina mama wengine walikuwa kwenye foleni. Mzee Chande na kundi lake walizunguka tangi la maji wakisema kwamba wako kwenye matembezi ya pongezi. Mmoja aliyekuwa anachuchumaa na kuinuka aliulizwa anafanya nini, akajibu anauinamia utukufu.

Kabwere alitafuta kosa kote, hakulipata. Zaidi ya hapo, ingeonekanaje afisa amesimama mikono mfukoni mahali ambapo watu wote wanaunga mkono? Akavua koti, akanyoosha mikono juu. Mgongo ukalia ko! Siku ya tatu alikiri kwa Dakta Lwitiko kwamba analala vizuri.

Basi maendeleo yakawa yanapimwa kwa Waziri. "Leo umefika wapi?" waliulizana kwenye uji. Ilikuwa rahisi kufika kwenye mkanda. Kazi ilikuwa tumbo. Bi. Stamili alikaa kwenye tumbo la Mheshimiwa wiki baada ya wiki, asubuhi nyingine anaondoka analia.

"Pumua, mama," Dakta Lwitiko alimwambia. "Usimlazimishe."

"Nimlazimishe nani, bega au Waziri?"

"Wote wawili hawalazimishwi. Wanazoeshwa."

Akafika kwenye tai. Akaifuata tai mpaka kidevuni. Siku aliyomgusa Waziri pua, wodi ilipiga vigelegele, na muuguzi mmoja aliyepita na sinia la dawa akauliza kama kuna harusi. Dakta Lwitiko alimpima, akasema akifika kwenye kofia atakuwa msusi tena. Yamebaki majuma machache, asiache hata kidogo.

Hapo ndipo habari zikaja kwamba maandalizi yamekamilika. Waziri anakuja kuzindua.

*

Siku ya uzinduzi palikuwa na turubai, viti vya wageni, tarumbeta, na ukuta wa kisasa kutoka ng'ambo. Ukuta ulikuja kwenye lori, una magurudumu, na ulipoteremshwa ulitaka kuanguka, ikabidi uegemezwe kwenye ule wa zamani. Mheshimiwa Lukindo alisimama, akarekebisha miwani.

"Ndugu wananchi! Kuna nchi ambazo mgonjwa wa saratani anaambiwa alale, apumzike, asubiri. Sisi tumekataa! Sisi tunamwambia asubiri akiwa amesimama!" Makofi. "Tumejifunza kwamba zoezi ni tiba. Na tiba hii ni haki ya kila mmoja. Nani anastahili kuipata?"

"Kila mmoja!" waliitikia wageni.

"Na leo tumeileta!"

Akakata utepe. Tarumbeta zikalia. Waziri akaugusa ukuta wa kisasa kwa kidole kimoja, wapiga picha wakapiga, ukuta ukatikisika kidogo. Akarudi kwenye kipaza sauti.

"Sasa, kwa kuwa zoezi hili limezinduliwa kwa mafanikio makubwa, natumia fursa hii adhimu kulifunga rasmi."

Bi. Stamili alidhani amesikia vibaya. Lakini vijana wa wizara walikuwa tayari wanaukokota ukuta kwenda kwenye lori, maana wilaya ya pili nao walikuwa na uzinduzi alasiri.

"Na kwa kuwa lengo limetimia," Waziri aliendelea, "bango letu naondoka nalo, na hii mikusanyiko ya kuunga mkono, ambayo imenigusa sana, nayo imalizike. Mmeniunga vya kutosha. Uani hapa tutaweka maegesho ya magari ya wageni rasmi. Wanaoafiki, wanyooshe mikono."

Mikono ya wageni ikapanda. Mikono ya wagonjwa mingi ikapanda pia, kwa mazoea. Kwenye kiti cha mbele, Bi. Stamili alimwona dada mmoja aliyetoka kupasuliwa wiki ile, bado ana bandeji, anahangaika kuinua wa kwake, haufiki popote. Dada yule alikuwa hajagusa hata kiatu cha Waziri.

"Wanaopinga?" Waziri alisema, huku anakunja karatasi yake. Swali hilo lilikuwa kwenye utaratibu, lakini tangu Subirini ipate uhuru lilikuwa linaulizwa tu ili msemaji apate kumeza mate.

Bi. Stamili akainua mkono wa kulia.

Ulipita begani. Ulipita shingoni. Ukafika sikioni, ukauma, akapumua kama alivyofundishwa, ukaendelea, mpaka ukasimama juu ya kipara chake, umenyooka, vidole vinaelekea mbinguni. Hata yeye aliutazama kama vile ni wa mtu mwingine.

Mpiga tarumbeta mmoja akachanganyikiwa, akapuliza.

"Mama," alisema Waziri kwa upole, "una swali?"

"Sina swali, Mheshimiwa. Nina mkono."

"Mkono wa nini?"

"Wa kupinga."

Mzee Chande akainua wake. Dada mwenye bandeji akainua wa kwake hadi ulipoishia. Waliokuwa wameafiki kwa mazoea wakaanza kushusha, wakafikiri, wakapandisha tena. Dakta Lwitiko naye akanyoosha wake. Ulikuwa mrefu kuliko yote.

Waziri alimwita Kabwere kwa kidole, wakanong'onezana, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na uwanja mzima ukasikia.

"Hii inakuwaje?"

"Haijawahi kutokea, Mheshimiwa. Mikono ikiwa ya pande mbili, inabidi ihesabiwe."

"Basi ihesabu!"

Kabwere alianza kunyoosha kidole, akakishusha kana kwamba kimeungua.

"Siwezi, Mheshimiwa. Kuhesabu ni zoezi. Halijazinduliwa."

Waziri alivua miwani. Yeye ndiye aliyeitunga sheria ile, na aliipenda kama mtoto wake.

"Kamati iundwe," alisema hatimaye. "Ikajifunze mikono inavyohesabiwa kwenye mataifa yaliyoendelea. Mpaka irudi, uani hapa pasiguswe. Bango libaki. Na mikono isishuke!"

"Mheshimiwa," Dakta Lwitiko alisema, "hawa ni wagonjwa. Watachoka."

"Basi waishushe wakichoka. Lakini kila asubuhi waje waiinue upya, serikali isije ikakuta imepungua!"

*

Kamati ya kuhesabu mikono iko nje mpaka leo. Inasemekana imekuta nchi ambayo watu wanapinga kwa mikono yote miwili, na hilo limerefusha utafiti.

Kwa sasa mikono ya wagonjwa wa Hospitali Kuu ni mali ya serikali, na mali ya serikali haiachwi ipotee. Hailipiwi mchango, kwa kuwa serikali haiwezi kujichangisha yenyewe. Wanaoishi mbali wanafuatwa na gari la wizara, ambalo zamani lilibeba tepe, na dereva akikuta mtu amelala anamgongea mlango: "Mama fulani, mkono wako unahitajika!" Wagonjwa wa wodi nyingine nao wamejiunga, eti na wao wanapinga. Ukiwauliza wanapinga nini, wanakwambia watajua kamati ikirudi. Yule dada mwenye bandeji amevuka tumbo. Kabwere ndiye anayesimamia, na siku hizi suti yake ina kiraka kwapani kwa ajili ya kunyoosha.

Na Bi. Stamili amerudi saluni. Mteja wake wa kwanza alikuwa mke wa Kabwere mwenyewe, mwanamke mwenye nywele nyingi na subira haba. Mkono wa kulia ukapita juu ya kichwa, ukashika msuko wa kwanza, ukavuta.

"Mamaa!" alipiga kelele mteja. "Bi. Stamili, unaning'oa!"

"Nisamehe, mwanangu. Mkono mpya huu, hata mimi bado sijauzoea."